Uvira: Kabla ya kununua mashine ya msasa, fundi mbao aangalie kwanza umeme wake

UVIRA, Kivu Kusini. Mteja anayekuja kuchukua mlango au kitanda chake hapimi viungo, wala haulizi gundi ni ya namna gani. Anapitisha kiganja juu ya ubao. Kiganja kikiteleza, analipa salio. Kikikwama, mazungumzo ya bei yanaanza upya. Ndiyo sababu ponsezi, yaani mashine ya umeme ya kupigia msasa, ni kifaa ambacho seremala kijana anakitamani kabla ya vingine vyote. Na ndiyo sababu pia akiba ya miezi mingi inaweza kupotea kwa siku moja: mashine inanunuliwa, inafika ateliye, jenereta inazimika ikijaribu kuiwasha. Au inawaka vizuri, lakini baada ya wiki mbili karatasi zake hazipatikani sokoni.

Mashine zenyewe si za kutafuta mbali. Zinaingia kwa mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura, zinakuja na meli mpaka bandari ya Kalundu, na nyingine zinashuka na magari kwa barabara ya taifa namba 5. Jambo linalowaangusha mafundi ni kutaka mashine moja ifanye kazi mbili ambazo hazifanani. Kazi ya kwanza ni kusawazisha, ya pili ni kulainisha.

Tuchukue meza. Imeungwa kwa mbao nne. Gundi ikikauka, ubao mmoja umepanda milimita moja juu ya mwenzake, wa mwisho umejipinda upande mmoja. Kuondoa milimita hiyo ndiko kusawazisha. Kulainisha kunakuja baadaye, na ni kuondoa alama: alama za msumeno, za randa, na za msasa mkali uliotangulia. Meza inaweza kuwa laini kama sahani na bado ikawa na mabonde. Mteja hatayaona siku ya kwanza. Atayaona siku verni itakapokauka na mwanga wa dirisha ukalala juu yake.

Kusawazisha kwa mashine kuna ponsezi ya bande, ile yenye ukanda wa msasa unaozunguka juu ya roli mbili kama mnyororo wa baiskeli. Inakula mbao haraka sana, hata mbao ngumu kama mvule. Lakini ndiyo mashine inayoharibu kazi kwa upesi kuliko zote. Ukiitua ikasimama mahali pamoja kwa sekunde mbili au tatu, umekwisha kuchimba bonde, na kulitoa bonde hilo ni lazima ushushe meza nzima. Kwenye ukingo inapenda kuinama, hivyo meza inatoka na mabega ya mviringo. Anayeijua anaiwasha ikiwa hewani, anaishusha ikitembea, anaivuta kwa mshazari kwanza ili kukata milima, kisha anamalizia kwa kufuata nyuzi za mbao. Uzito wake unatosha, hakuna haja ya kuikandamiza. Na mbao iliyotolewa kwenye nyumba ya zamani ikaguliwe kwanza, kwa sababu msumari mmoja uliojificha unapasua ukanda mzima.

Kulainisha ni kazi ya ponsezi eksentriki. Hii ina sahani ya duara, mara nyingi ya milimita 125. Sahani inazunguka na wakati huohuo inayumba kwenye kijiduara cha milimita mbili au tatu, ndiyo maana mikwaruzo yake haifuatani na jicho haliioni kwa urahisi. Inaweza kupita kwenye mbao zilizoungwa pembe, mahali ambapo nyuzi za ubao mmoja zinakwenda huku na za mwingine zinakwenda kule. Fremu ya mlango ni mfano mzuri: ukanda ungekwaruza moja kati ya mbao hizo kwa kukata nyuzi zake, sahani inazipita zote.

Iko pia ndogo yao, ponsezi ya kutetemeka, ya mraba, inayokubali robo ya karatasi ya kawaida ya msasa. Ni ya polepole. Wengi wanaidharau. Hata hivyo inaingia kwenye pembe ambazo duara haifiki, na ina faida nyingine ambayo tutaifikia hapa chini.

Kuna mashine ya nne ambayo haikutengenezwa kwa kazi hii lakini inaonekana kwenye ateliye nyingi za ukanda huu: ile ya kukatia chuma, ambayo watu wa soda wanaitumia, ikifungwa duru ya msasa. Inavutia kwa sababu bei yake ni ndogo na karibu kila fundi anaye jirani wa kumwazima. Lakini ya milimita 115 au 125 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na ukali wake uko kwenye ukingo wa duru. Inaacha nusu mwezi zilizochimbwa kila mahali, inachoma mbao ikawa nyeusi, na mara nyingi kinga yake ya chuma imekwisha kutolewa. Kwa kuchonga kiti cha gogo au kuondoa rangi ya zamani kwenye mtumbwi, sawa. Kwa meza ya mteja, hapana.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, hata kama muuzaji hatakuambia.

Umeme wa SNEL unaofika Uvira unatoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi: Ruzizi ya kwanza, ya miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, iliyoanza 1989, ambayo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi. Njia ni ndefu na watumiaji ni wengi. Umeme ukikatika, fundi anapumzika. Lakini ukishuka bila kukatika, balbu zikawa nyekundu kama makaa ya jana, anaendelea kufanya kazi, na hapo ndipo mota zinakufa. Mashine iliyoandikwa volti 220 ikipata 170 haifanyi kazi "kidogo pungufu". Inapoteza nguvu nyingi, fundi anaikandamiza ili ikate, mota inapata joto, waya wa ndani unaanza kunuka. Harufu ile ikishatoka, mashine imekwisha kupoteza sehemu ya maisha yake.

Linganisha mashine mbili zinazojulikana. Makita BO5031, eksentriki ya milimita 125, inakula wati 300 na ina uzito wa kilo 1.3. Makita 9403, ya bande, inakula wati 1,200 na ina uzito wa kilo 5.7. Ya kwanza itazunguka hata na jenereta ndogo zile za petroli iliyochanganywa na oili, zinazobebwa kwa mkono mmoja, ambazo nguvu yake ya kweli ni wati 650 hivi, chochote kilichoandikwa kwenye boksi. Ya pili haitaondoka. Mota yoyote wakati wa kuwaka inadai zaidi ya kile kilichoandikwa ubavuni mwake, hivyo mashine ya wati 1,200 inataka jenereta ya wati 2,000 na zaidi kidogo. Mwenye ponsezi ya bande anahesabu basi bei ya mashine, bei ya jenereta, na bei ya petroli ya kila siku, wakati lita yenyewe haikai bei moja mwezi mzima.

Wenye paneli za jua nao wapige hesabu. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, itaendesha mashine ya wati 300 kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Hiyo inatosha kumalizia mlango mmoja, labda na kabati dogo. Ponsezi ya bande kwa betri hiyo ni ndoto.

Na ralonji! Waya mwembamba wa redio uliovutwa mita 30 kutoka nyumba ya jirani unakula volti njiani kabla mashine haijazipata. Kwa mashine ndogo, waya wa milimita 1.5 unatosha, kwa ya bande, nunua wa 2.5 na uufungue wote, usiutumie ukiwa umeviringwa, kwa sababu unapata joto.

Baada ya umeme, karatasi. Neno lenyewe msasa lilikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi: majani yake yana ukali kama ulimi wa paka, na wazee wa kazi ya mbao waliyatumia kusugulia vyombo. Jani lilikuwa bure. Duru za ponsezi eksentriki si bure, na hazifanani. Nyingi ni za kunata kwa skrachi, zenye matundu manane ya kupitishia vumbi, na matundu hayo ni lazima yalingane na ya sahani. Ukinunua duru ya matundu matano kwa sahani ya manane, vumbi linabaki chini, linaziba msasa, na duru inakufa kwa dakika chache.

Hapa ndipo ile ndogo ya kutetemeka inapata heshima yake. Karatasi ya kawaida ya msasa ina sentimita 23 kwa 28. Ikatwe mara nne, kila kipande kinaingia kwenye mashine, na karatasi hiyo inauzwa hata kwenye vibanda vya misumari huko Sange, Luvungi, Swima au Makobola. Fundi wa kijijini, mbali na maduka ya Uvira mjini, anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kusubiri mtu anayekwenda Bujumbura. Kuhusu bande, ugumu ni mkubwa zaidi: vipimo ni vingi, 75 kwa 457, 75 kwa 533, 100 kwa 610, na ukanda wa kipimo kingine hauingii hata ufanyeje. Tena ukanda uliokaa dukani muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani ya ziwa unaachia gundi yake pale ulipoungwa. Unaufunga, unawasha, unakatika. Kwa hiyo, fundi, uliza bei ya karatasi kabla ya kuuliza bei ya mashine, na uulize maduka mawili au matatu kama wanayo leo, siyo kama watakuwa nayo.

Namba za karatasi nazo zinapoteza pesa ya watu. Namba ndogo ni kali, kubwa ni laini. Kwa meza iliyokwisha kupitishwa randa vizuri, 80, halafu 120, halafu 180, inatosha kwa verni ya kawaida. Anayeruka kutoka 60 mpaka 180 anadhani anaokoa karatasi mbili. Ukweli ni kwamba 180 haina nguvu ya kufuta mikwaruzo ya 60, hivyo anatumia karatasi sita za 180 na mikwaruzo inabaki. Kwa kujua kama namba moja imemaliza kazi yake, chora mistari ya penseli juu ya ubao wote, piga msasa mpaka mistari yote imepotea, ndipo ubadilishe. Na tembea polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde. Ukiharakisha au ukikandamiza, eksentriki inaacha alama ndogo zilizojiviringa kama mkia wa nguruwe, ambazo zinajificha mpaka verni ikauke.

Tumefika kwenye ushauri wenyewe. Kwa seremala wa Uvira mwenye pesa za mashine moja tu, mashine hiyo iwe eksentriki ya milimita 125, ya wati 250 mpaka 350, yenye kidude cha kurekebisha mwendo. Kusawazisha akuache kwa randa ya mkono, ambayo wengine wanaiita rabo. Najua kuna watakaocheka: nani anunue mashine kisha aendelee kutoa jasho na randa? Lakini randa iliyonolewa vizuri inaondoa milimita moja ya meza upesi kuliko mashine yoyote ndogo, haili petroli, na haitoi vumbi bali maranda, ambayo mama wa jirani atayachukua kuwashia moto. Ipitishe kwa mshazari, upande huu kisha upande ule, halafu kwa urefu. Weka mti ulionyooka juu ya meza, uangalie mwanga unapita wapi. Weka vipande viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa meza, uchungulie kwa jicho moja: kama havilingani, meza imejipinda.

Fundi wa kijijini asiye na njia ya kupata duru aanze na ile ya kutetemeka. Mwenye mikataba ya madawati ya shule au ya milango mingi kwa wakati mmoja, huyo ana sababu ya kununua ya bande. Wengine wote wangoje.

Hakuna mashine hata moja kati ya hizi inayotibu mbao mbichi. Mkaratusi na grevilea vinakatwa leo na kesho viko ateliye, kwa sababu mteja ana haraka na mwenye mbao anataka pesa. Mbao yenye maji inaziba msasa kama ugali. Tena hata ukiilainisha, wiki ya tatu baadaye, ikiwa nyumbani kwa mteja, inajikunja na kupasuka, na lawama zinamrudia fundi. Njia rahisi ya kujua: chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya sokoni kila wiki, uandike. Siku uzito utakapoacha kushuka, ndipo uanze.

Kuna vumbi pia, na hapa tusifanye mzaha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya OMS, lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ile ya pua. Vumbi la mvule linajulikana pia kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. Randa inatoa maranda yanayoanguka chini. Ponsezi inatoa unga mwembamba unaobaki hewani baada ya mashine kuzimwa. Anayeuvuta zaidi mara nyingi si fundi mkuu. Ni mwanafunzi wa ateliye, mwenye miaka 15 au 16, kwa sababu kupiga msasa ndiyo kazi anayoachiwa kila siku. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii unga huo, wala barakoa ya hospitali. Inayofaa ni ile iliyoandikwa FFP2, inayokaza pande zote. Mfuko wa vumbi uliokuja na mashine usitupwe, na umwagwe kabla haujajaa nusu. Kazi ifanyiwe nje, mgongo ukiwa upande wa upepo. Mchana hapa kwetu upepo hutoka ziwani kwenda mlimani. Angalia basi nani yuko upande ule unga unakokwenda. Mama aliyeanika ndagala zake hakuja kununua vumbi la mvule.

Dukani, usikubali kuuziwa boksi lililofungwa. Soma kibao: volti 220 mpaka 240. Ya volti 110, iliyotoka Marekani, itaungua ukiichomeka tu. Iwashe, usikilize: mlio uwe mmoja, usio na kukwaruza. Izime, uangalie sahani kama inayumba vibaya. Uliza makaa ya mota yanapatikana, kwa sababu ndiyo yanayoisha kwanza, na kuyabadilisha ni kazi ya dakika kumi kama unayo. Uliza pia sahani ya akiba, maana skrachi yake inaisha nguvu kwa joto. Jina kubwa ubavuni halitoshi. Bosch na Makita za kuiga zipo sokoni, na uzito mwepesi kupita kiasi pamoja na maandishi yenye makosa vinazitangaza. Mashine ya jina dogo la Kichina ambayo muuzaji ana vipuri vyake inafaa kuliko jina kubwa la uongo.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea kifaa kidogo, na watu wa Uvira hawahitaji kuelezwa sana. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia kwenye mitaa ya pwani. Desemba 2025, vita vilipofika mjini, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi na kile walichoweza kubeba. Mashine ya kilo moja na nusu inaingia kwenye begi pamoja na nguo za watoto, na fundi anayefika nayo upande wa pili ana mahali pa kuanzia.

Kuhusu ponsezi ya bande, kuna njia ambayo ateliye tatu au nne za mtaa mmoja zinaweza kuifuata: kuichangia pamoja, ikae kwa yule mwenye jenereta kubwa. Petroli ilipwe na anayetumia, kwa saa. Na kila anayekuja kuichukua aje na ukanda wake mwenyewe.